Jicho la Baron

Jicho la kushoto la Baron lilikuwa halifunguki lenyewe asubuhi. Usiku lilitoa uchafu wa manjano, uchafu ukakauka na kuzigandisha kope. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kunywa kahawa yake, Gotthilf alichemsha maji kidogo, akayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, akachovya kipande cha pamba na kukiweka juu ya jicho. Hakusugua. Alingoja. Alikuwa ametumia maisha yake ya kazi kutengeneza mashine za kufuma soksi hapa Ebingen, kusini mwa Ujerumani, na humo alijifunza kwamba kitu kilichoganda hakivutwi. Hulainishwa, kisha husubiriwa.

Baron, aliyepewa jina la cheo cha kilodi, alikuwa hamsta wa rangi ya kahawia, mnyama anayetoshea kiganjani, mwenye mashavu ya kubebea akiba. Hamsta akivuka miaka miwili ni mzee, na Baron alikuwa amevuka. Mgongoni manyoya yalikuwa yamepukutika. Chini ya tumbo alikuwa na uvimbe ambao daktari wa wanyama aliugusa kwa kidole kimoja na kusema kwamba kwa umri huo asingethubutu kumpasua. Akatoa dawa ya maumivu, tone moja mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Miguu ya nyuma ilikuwa imeanza kumsaliti. Gotthilf aliondoa gurudumu alilokuwa akikimbilia, akaondoa na ngazi, akatandaza karatasi laini mahali pa vipande vya mbao, na kuishusha sahani ya maji. Tango alimkatia vipande vyembamba. Yai alimchemshia.

“Marehemu mkeo alikuwa akijichemshia mayai mwenyewe,” Bi Irmtraud, jirani wa mlango wa pili, alimwambia siku moja akiwa amesimama jikoni na mikono kiunoni. “Leo unampikia panya.”

“Si panya.”

“Ana meno ya mbele, ana manyoya, anaficha karanga. Kwetu sisi huyo ni panya mwenye cheo.”

“Basi mpe heshima ya cheo chake,” Gotthilf alisema, “usiongee kwa sauti. Amelala.”

Baron hakuwa wake. Alikuwa wa mjukuu wake, Rike, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Mama yake Rike alikuwa muuguzi wa zamu, na mtoto alikula chakula cha mchana kwa babu yake, akafanyia hapo kazi za shule, na mara nyingi akalala hapo pia. Tundu la Baron lilikaa katika chumba kidogo kilichokuwa zamani cha kushonea cha bibi yake.

Januari darasa la Rike lilikwenda milimani kwenye kambi ya kuteleza juu ya theluji. Jioni ya kuamkia safari aliketi sakafuni karibu na tundu, mkono ndani, Baron akimnusa vidole kwa upande wa jicho zima.

“Babu, akifa nikiwa huko?”

“Daktari amesema bado yupo yupo.”

“Hata Bibi mlisema bado yupo.”

Bibi yake Rike alifariki kiangazi, Rike akiwa kambini kando ya ziwa. Wakubwa walikaa wakashauriana, wakaona si vizuri kumharibia mtoto likizo. Aliporudi, amebeba kokoto alizomwokotea bibi yake, alikuta kitanda kimeshatandikwa na maua ya mazishi yameshanyauka. Hakulia mbele yao. Aliuliza tu kokoto aziweke wapi.

“Hali yake ikiwa mbaya, nipigie,” Rike alisema. “Simu zetu watazichukua, lakini kuna simu ya nyumba ya kambi, na Mwalimu Seitz ataniita. Usingoje nirudi. Hata kama ninateleza. Hata kama ninakula.”

“Nitapiga.”

“Usiseme tu.”

“Rike, nimesema nitapiga.”

Alimtazama babu yake kwa muda, kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukanyaga. Kisha akaenda kupanga soksi zake.

Siku chache za mwanzo zilikwenda vizuri. Lakini usiku mmoja Baron hakutulia; alizunguka tundu akiburura miguu, na Gotthilf alimsikia kupitia ukuta. Kulipopambazuka alikuwa ndiyo kwanza amelala, amejikunja ndani ya karatasi zake. Gotthilf hakutaka kumwamsha kwa ajili ya jicho. Jicho lingengoja.

Hewa, hata hivyo, haikungoja. Kwetu dirisha hufunguliwa wazi kila asubuhi, hata maji yakiwa yameganda mferejini. Nyumba isiyoingizwa hewa huota ukungu, na hilo limo hadi kwenye mkataba wa pango. Siku nyingine zote Gotthilf alilihamishia tundu jikoni kwanza, ndipo akafungua dirisha la chumba kidogo. Asubuhi hiyo, kwa kumwonea huruma mzee aliyelala, hakulihamisha. Alilifunika blanketi, akafungua dirisha, akasema moyoni: kidogo tu.

Kengele ikalia. Bi Irmtraud alikuwa mlangoni na kile kibao cha mbao ambacho katika jengo letu hutundikwa kwenye mlango wa mwenye zamu ya usafi.

“Wiki yako hii, jirani. Na ngazi zimejaa matope ya theluji, utadhani wamepita ng'ombe.”

“Nitafagia baadaye.”

“Baadaye tarishi ameshavunjika kiuno. Na huko nje barafu haijamwagiwa mchanga hata punje. Mwenye zamu ni nani, mimi?”

Gotthilf alichukua ufagio. Alifagia ngazi, akazipiga deki, akatoka nje kusukuma theluji mbali na mlango na kumwaga mchanga hadi barabarani, maana zamu kwetu haifanywi nusu. Alipokuwa akikung'uta koleo aliinua macho na kuona pazia la chumba kidogo likipepea nje ya dirisha.

Alipanda ngazi haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu.

Chumba kilikuwa baridi kama ghala la viazi. Alifunga dirisha, akaondoa blanketi, akafukua karatasi. Baron alikuwa amejikunja kama kokwa. Alikuwa wa baridi, mgumu, na miguu yake ya waridi haikujivuta alipoigusa. Gotthilf alileta kijiko, akakiweka mbele ya pua. Kijiko hakikufanya ukungu. Alisubiri, akakigeuza, akajaribu tena.

Bi Irmtraud alikuwa amemfuata kuuliza kwa nini ndoo imeachwa katikati ya ngazi. Aliona, akaacha habari za ndoo.

“Masikini,” alisema. “Basi tena.”

“Nilisahau dirisha.”

“Alikuwa mzee, Gotthilf. Tena mgonjwa.”

“Alikuwa mzee, tena mgonjwa, na mimi nikasahau dirisha.”

Bi Irmtraud aliketi kwenye kiti cha kushonea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutafuta njia. “Sikiliza. Dukani wako tele, kahawia vilevile. Mtoto hatajua.”

“Atajua.”

“Basi mweke kwenye kopo la biskuti, umweke nje kwenye roshani pamoja na ile sufuria yako ya dengu. Baridi itamtunza. Rike akirudi Ijumaa, atamwona, mtamzika vizuri. Kwa nini umlize mtoto huko milimani, kati ya watoto wenzake?”

“Ndivyo tulivyosema kiangazi,” Gotthilf alijibu. “Maneno hayahaya.”

Bi Irmtraud alitazama sakafu. Alikuwepo kiangazi, alikuwa mmoja wa waliosema.

Gotthilf alileta simu, na namba ya kambi aliyoachiwa na Rike, akaviweka mezani. Hakupiga papo hapo. Alikwenda jikoni, akachemsha maji, akayapooza.

“Unafanya nini?”

“Sijamfuta jicho leo. Ataniuliza alikuwaje, na sitaki kumwambia aliondoka akiwa mchafu.”

Alimlaza Baron kwenye kiganja cha kushoto, akafunika kwa vidole sehemu yote isipokuwa uso, akaweka pamba yenye maji ya vuguvugu juu ya jicho. Ganda lilikuwa nene, maana lilikuwa la usiku mzima. Hakulivuta. Alibadilisha pamba, akangoja. Akabadilisha tena, akangoja. Nje trekta la theluji lilipita likikwaruza lami. Ganda lilipolainika, aliliondoa lote kwa pembe ya pamba, kuanzia puani kwenda nje.

Unywele mmoja wa sharubu ukatikisika.

“Umeona?”

“Ni mkono wako unaotetemeka,” Bi Irmtraud alisema kwa upole.

“Mkono wangu hautetemeki.”

Na kweli, haukuwa ukitetemeka. Wote wawili wakainama. Sharubu ikatikisika tena, kisha kifua, ambacho kilikuwa kimetulia tuli, kikapanda kidogo, kikashuka. Ukapita muda mrefu. Kikapanda tena.

“Mpeleke juu ya kipasha joto!” Bi Irmtraud aliruka.

“Ngoja. Mpigie daktari kwanza. Uliza.”

Bi Irmtraud alipiga, akazungumza kwa sauti ya mtu anayeripoti moto, akasikiliza. “Anasema hawa wakipigwa na baridi huzimika hivyo, kumbe wamelala usingizi wa chini kabisa. Si kila mmoja huamka, hasa mzee. Asiwekwe kwenye joto kali. Mikononi, polepole. Akiweza kumeza, apewe maji yenye sukari.” Aliziba simu kwa kiganja. “Tena anauliza ni mjinga gani aliyefungua dirisha.”

“Mwambie ni huyu anayemshika.”

Bi Irmtraud alifungua skafu yake ya sufu na kuwazungushia wote wawili, mkono na mnyama. Baron alianza kutetemeka, mtetemo mdogo wa haraka, kama mashine inayowashwa asubuhi ya baridi. Jicho zima lilifunguka. Baadaye, taratibu, na lile la kushoto. Aliramba tone la maji ya sukari kwenye ncha ya bomba, akapumzika, akaramba jingine.

“Mungu mkubwa,” Bi Irmtraud alisema, akajipangusa pua. “Haya. Rudisha hiyo simu mahali pake, tunywe kahawa. Mtoto hana haja ya kujua kitu.”

Gotthilf aliitazama simu. Ilikuwa wazi kwamba ushauri ule ulimvutia. Hapakuwa na maiti. Hapakuwa na msiba wa kutangaza.

“Nishikie,” alisema.

“Nani, mimi? Huyu panya?”

“Mikono yote miwili. Usimbane.”

Aliyepokea huko milimani alikuwa mpishi. Mpishi akamwita Mwalimu Seitz. Mwalimu Seitz akaenda kumtafuta Rike. Zilisikika sahani na kelele za watoto. Kisha pumzi ya karibu.

“Babu. Amekufa?”

“Hajakufa. Anapumua. Lakini leo nilifungua dirisha la chumbani kwake nikaenda kufagia ngazi, nikasahau. Nilimkuta wa baridi kabisa. Nilidhani amekufa. Sasa ameamka na anakunywa, ila daktari anasema hajui kama atafika Ijumaa.”

Sahani ziliendelea kugongana.

“Uliacha wazi lile dirisha kubwa?”

“Ndilo.”

“Babu!”

“Ndiyo.”

“Saa hizi yuko wapi?”

“Mikononi mwa Bi Irmtraud.”

“Mwongo! Yeye anamwita panya.”

“Bado ni panya!” Bi Irmtraud alipaza sauti, bila kuinua macho kutoka kwenye viganja vyake. “Lakini amefungua jicho, Rike. Lile bovu.”

Rike alicheka, na kicheko kikageuka kilio, naye akalia kidogo kwenye simu ya kambi bila kuficha. Gotthilf alingoja. Alikuwa anajua kungoja.

“Nikitaka kurudi, unaweza kuja kunichukua?”

“Naweza kuondoka saa hizi.”

“Hapana,” alisema hatimaye. “Leo jioni tuna matembezi ya mienge. Akizidiwa, utapiga tena?”

“Nitapiga.”

Safari hii Rike hakumwambia asiseme tu.

“Haya basi, Babu. Mpe yai. Kiini tu, ute haupendi.”

Gotthilf aliweka simu chini, akaenda jikoni kuteleka yai. Huko nyuma alimsikia Bi Irmtraud akinong'ona kwamba humu ndani mna harufu, mnahitaji hewa, lakini dirisha hakulisogelea.