Sekunde ya Ishirini na Mbili

Kazini walimwita Bi Makini, nusu kwa sifa, nusu kwa utani. Kazi yake ilikuwa kupakia kumbukumbu za reli kwenye kanzidata ya kompyuta: taa imebadilika saa ngapi, gurudumu limepita saa ngapi. Kadi za kuhifadhia data zilitoka kwenye vifaa vya njiani ndani ya bahasha. Alizipakia, akahesabu mistari, akasaini fomu, kisha akazifuta ili zirudi njiani siku hiyohiyo. Mistari ikilingana, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wenzake, tena kwa ukali.

Jumanne treni ya abiria iliwaua mafundi wawili waliokuwa wakikaza reli. Dereva alikuwa shemeji wa Bi Makini, mume wa dada yake. Aliapa kwamba aliipita taa ikiwa kijani. Msimamizi wa mafundi naye aliapa ilikuwa imeshageuka nyekundu. Mafundi walikuwa kilomita mbili mbele. Kama taa iligeuka kabla treni haijaipita, dereva alipaswa kuiona na kufunga breki, na hapo ni jela moja kwa moja.

Asubuhi ya Jumatano dada alipiga simu, sauti imemkauka.

"Kadi za jana si zimepita kwako?"

"Zimepita, dada. Nilizipakia kabla habari haijatufikia."

"Basi tumepona, mdogo wangu. Mashine haina chuki na mtu."

Bi Makini akafungua kanzidata. Taa kuwa nyekundu: saa nane na dakika saba, sekunde ya ishirini na mbili. Gurudumu kupita: saa nane na dakika saba, sekunde ya ishirini na mbili. Alisoma tena, pole pole. Vifaa vya njiani huigawa sekunde moja mara elfu. Zile sehemu zilikuwa wapi?

Alichungulia jinsi safu ya muda ilivyotengenezwa. Mtu aliyestaafu zamani aliiamuru ipokee sekunde nzima tu. Kila kilichozidi, kanzidata ilikikata kimyakimya, bila onyo wala kikohozi. Na yeye, huyu Makini wa watu, miaka yote alihesabu mistari tu. Mistari ililingana. Kadi ilikuwa imefutwa, kwa mkono wake, na kwenye fomu aliandika: kamili.

Akaipanua safu ipokee sehemu za sekunde. Mashine ikajaza sifuri tatu kila mstari, maelfu kwa maelfu, nadhifu kabisa. Hasira zikampanda. Sifuri zile zilijifanya kujua kitu, na hazikujua lolote.

Mkono ulimwasha. Kwenye mstari wa gurudumu angeandika mia tatu na kumi, kwenye wa taa mia sita na arobaini, na dada yake angelala na mumewe. Nani angejua? Akaweka kidole juu ya kitufe. Kilichomtia hofu hakikuwa udanganyifu wenyewe. Ni kwamba hakujua anarekebisha ukweli au anauzika.

Akaondoa kidole, akaenda kwa bosi na kumweleza yote. Bosi alifunga mlango kwanza.

"Ripoti imeshafika kwenye tume. Taa ndiyo ya kwanza."

"Muda umelingana, kwa hiyo imepangwa kwa namba ya kifaa tu, bosi. Namba ya taa ni ndogo."

"Kaa kimya, mama. Ukilisema hili, hutamgusa shemeji yako peke yake."

Alimwelewa. Safu ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Ni madereva wangapi walikuwa jela kwa sababu namba ya taa ni ndogo?

Ijumaa alisimama mbele ya tume akayasema yote. Bosi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo treni ilitangulia?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijui."

"Taa, basi?"

"Sijui, mheshimiwa. Jibu lilikuwa kwenye kadi, na mimi ndiye niliyeifuta."

Mwenyekiti alisema ripoti haitatumika, ila shauri litaendelea kwa maneno ya mashahidi. Msimamizi wa mafundi alikuwa na mashahidi watano. Dereva alikuwa peke yake kwenye kibanda cha treni.

Kwenye ukumbi wa nje polisi walimruhusu shemeji asimame kidogo na ndugu zake. Dada alikuwa amemshika Bi Makini mkono. Shemeji alikuwa amekonda kwa siku tatu tu.

"Nakushukuru, shemeji. Umesema kweli," alisema. "Sasa achana na mashine. Wewe unanijua tangu namchumbia dada yako. Moyoni mwako, unaamini ilikuwa kijani?"

Bi Makini alimpenda mtu huyu. Akafungua mdomo kusema ndiyo, na neno likachelewa, si zaidi ya pumzi moja. Alipolitoa, dada yake alikuwa ameshamwachia mkono.