Hewa ya Bunduki ya Abah

Ceu Enah, jirani yetu, anasimulia kwamba Jumapili ile baba yangu, Abah, alianguka juu ya pampu ya bunduki yake ya hewa kama mnazi uliokatwa, macho yakageuka meupe, wanaume wanne wakambeba juu ya mlango mpaka barabarani. Mlango wa nani, hasemi. Ukimuuliza anakwambia, "Titin, niliona kwa macho haya mawili," ilhali siku hiyo alikuwa harusini kwa dada yake, na vitumbua alivyorudi navyo tulivila sisi.

Yaliyotokea ni haya. Kila mwanzo wa mwezi wanaume wa kitongoji chetu huingia minazini na bunduki zao za hewa kuwinda kindi. Kindi wasipopunguzwa, nazi zinatobolewa zikiwa changa, nasi tunaoishi kwa mnazi tunabaki kutazama juu. Kila mtu hujaza bunduki yake kwa pampu ya mkono: anakanyaga miguu ya chuma ya pampu, anainama, anainuka, anainama tena, mpaka sindano ya geji, kipimo cha hewa, ifike juu. Ni kazi ya mapafu na mgongo. Na kwetu mwanamume hamjazii mwenzake. Ni kama kumlisha mtu mzima kwa kijiko.

Jumapili ile Abah alifika katikati ya kujaza, akaketi chini, mkono ubavuni. Mang Oding, rafiki yake tangu wakiwa watoto, akaichukua pampu na kumalizia. "Pumzika, mzee. Na shabaha nikulengee?" Watu wakacheka, Abah naye akacheka. Akarudi nyumbani na bunduki iliyojaa, hakuwa amepiga hata risasi moja.

Tangu siku hiyo bunduki ikawa inaning'inia ukutani. Wenzake wakimpitia, anawajibu kutoka ndani, "Inavuja. Namsubiri fundi." Mwezi ukapita, na wa pili, fundi hajaitwa. Kazi ya kugema alishamwachia kaka yangu. Minazini alikuwa amebakiwa na uwindaji tu. Sasa akawa anakaa nyuma ya nyumba akichonga vijiti visivyo na kazi.

Mimi ndiye nifagiaye chini ya ukuta ule kila asubuhi. Kila asubuhi niliitazama geji, na sindano ilikuwa palepale Mang Oding alipoiacha. Bunduki inayovuja haikai na hewa miezi. Nilijua kinachovuja si bunduki, lakini sikumwambia mtu.

Nilikuwa na akiba ya fedha za sukari ya tembo ninayopika, niliyoiweka kwa ajili ya bati la paa la jikoni. Nikaamua bati lisubiri.

Duka la Koh Aming liko mjini, anauza bunduki na vifaa vya kuvulia samaki. Aliponiona peke yangu akanipeleka moja kwa moja kwenye kompresa, mashine ya kujazia hewa, kubwa kuliko zote.

"Neng, binti yangu, chukua hii. Unakoroga kahawa, bunduki imejaa."

"Inakula umeme kiasi gani, Koh?"

"Ah, umeme ni umeme."

"Kwetu sivyo. Nikiwasha pasi na jiko la wali pamoja, swichi inajirusha na nyumba nzima inazima. Kitongoji cha pili kuna mtu alinunua kama hii yako. Sasa kuku wanatagia juu yake."

Koh Aming akacheka mpaka akashika meza. "Basi ipo hii ndogo. Lakini nisikudanganye, ni kobe. Utachoka kuingoja."

"Mimi napika sukari. Nakoroga sufuria tangu tembo likiwa maji mpaka liwe jiwe. Kobe hanisumbui."

"Neng ana akili kupita wateja wangu wote!"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Koh, na mimi ni binti wa mgema. Iwashe niione."

Akaiunganisha na mtungi wa majaribio na ndoo ya maji ya kuipozea, mimi nikavuta kigoda. Nilimwona anangoja nione haya niseme inatosha. Sikusema. Nikagusa kichwa cha mashine kuona kama maji ya ndoo yanakipoza sawasawa. Nikamwomba anionyeshe kibomba cha kutolea unyevu. Akakifungua, yakachuruzika maji meupe kama ya kuoshea mchele.

"Haya yakiingia kwenye bunduki?"

"Kutu, Neng. Kila baada ya muda unafungua, unayatoa. Vijana hawana subira hiyo."

"Mimi ninayo. Na chujio la unyevu utanipa, na mipira ya hewa ya akiba."

"Nikupe?"

"Unipe."

Akanipa, akinung'unika kwa Kichina, nami nikaifunga mashine kwenye pikipiki ya kaka yangu.

Nyumbani sikumwita Abah. Jumamosi, kesho yake ikiwa siku ya kuwinda, niliiweka barazani, nikachomoa jiko la wali, nikatumbukiza kijipampu cha maji ndani ya ndoo. Kisha nikamwita Mang Oding.

"Nini hiki, Titin? Cha kusagia barafu?"

"Ni hewa, Mang."

"Hewa ya dukani! Mwanamume akinunua hewa, kesho atanunua na usingizi!"

"Najaribu tu. Nataka bunduki isiyovuja. Ya Abah inavuja, na wewe unajua."

Nilisema kwa sauti ya kupenya ukuta wa mianzi, maana Abah alikuwa upande wa pili. Mang Oding akautazama ukuta, akanitazama mimi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya bega la kulia, bega lile ambalo mkewe hulikanda kwa mafuta kila baada ya kuwinda.

"Kujaribu tu," akasema, akaenda kuichukua bunduki yake.

Nilihakikisha haina risasi, nikafunga mpira, nikawasha. Taa ikafifia kidogo, lakini haikuzima. Mang Oding alikunywa kahawa, akala mihogo ya kukaanga, akasogea karibu na geji.

"Kumbe inapanda yenyewe! Abah! Njoo uone, nimekaa kama bwana harusi!"

Kisha, wakati nimezima mashine ili nitoe unyevu, nikasikia nyuma ya nyumba sauti nyembamba, *ssss*, ndefu, halafu ikaisha. Mang Oding alikuwa anatafuna, hakusikia.

Ilipojaa, akaipokea bunduki yake kwa mikono miwili. "Titin, mwanangu, Ceu Enah asijue."

"Nimeona!" ikajibu sauti kutoka uani kwake. "Kwa macho haya mawili!"

Kesho yake, bila shaka, katika masimulizi ya Ceu Enah bega la Mang Oding lingekuwa limevunjika vipande saba. Lakini jioni ile wanaume wengine watatu walikuja na bunduki zao, kila mmoja akisema anajaribu tu.

Walipoondoka Abah akatoka. Akaketi kwenye ngazi, bunduki mapajani, anafuta mtutu kwa kitambaa chenye mafuta. Kifuniko cha tundu la kujazia hewa alishakifungua, kilikuwa ndani ya kiganja chake. Nikatazama geji. Asubuhi sindano ilikuwa juu kabisa. Sasa ililala chini kwenye sifuri. Hewa yote ya Mang Oding alikuwa ameitoa mwenyewe, nyuma ya nyumba.

Nikaongeza maji kwenye ndoo. Nikapangusa ncha ya mpira, nikauweka kwenye ngazi, katikati yangu na yeye.

"Kweli inavuja, Bah," nikasema. "Naona imetoka yote. Niijaze, tuone inavujia wapi?"

Abah aliendelea kufuta mtutu, polepole, palepale alipokwisha kufuta, lakini tundu la hewa akaligeuzia upande wangu.