Bibi Arusi wa Maji ya Chumvi

Siku ya sita tangu aletwe, mnyama alitapika tena. Lodu, mzee aliyekabidhiwa kumtunza, alikuta kipande cha sangara kimelala juu ya mchanga wa tangi, kimefunikwa na ute mweupe, kikubwa vilevile kama alivyokitia jana mchana. Alikichota kwa kijiko kirefu, akakitupa ndooni, akaketi juu ya kreti ya soda. Ilikuwa saa mbili asubuhi na tayari alikuwa amechoka.

Mnyama aliletwa kwa ndege kutoka Mombasa, ndani ya mfuko wa maji, ili alipambe tangi la mapokezi ya hoteli hii ya mtaa wa Thongpiny, mbali na bahari. Ukimtazama ungemdhani ua: shina nene lililong'ang'ania jiwe, na juu yake vidole laini, mia na zaidi. Lakini katikati ya vidole palikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa umefungwa. Vidole vilivyokuja vimenona vilikuwa vimesinyaa sasa, vinalazwa upande mmoja na mkondo wa pampu.

Meneja, Norman, mtu wa Kampala mwenye simu mbili, alikwisha kusema neno lake. Ijumaa mwenye hoteli anakuja na wageni. Akimkuta mnyama amekufa, Lodu afungashe. Kufungasha maana yake ni kukiacha na chumba cha nyuma ya jenereta, ambacho ndicho nyumba yake tangu alipofiwa na mke. Na ni Norman huyo huyo aliyepanga ulishaji: kila siku saa saba, wageni wakiwa mezani waone. Siku za kwanza vipande vidogo vilichukuliwa na maji kabla mnyama hajavishika. Norman akaamuru vikubwa. Lodu aliishia darasa la tatu, kambi ya wakimbizi Uganda, lakini alijua kwamba aliyekataa kijiko hapewi sufuria. Alisema hivyo. Akajibiwa kwamba wenye kufikiri wapo.

Wenye kufikiri. Hao ndio waliomuua Kiden, na Lodu hakuchoka kulisema hilo, ingawa waliomsikiliza walichoka. Mkewe alikuwa wodini, mashine ikimpa hewa kwa mpira wa puani, dizeli ya jenereta ya hospitali ikaisha. Mkubwa wa dizeli alikuwa kwenye semina. Mwenye ufunguo wa stoo, semina. Lodu aliisikia mashine ikinyamaza, akakaa ameushika ule mpira, akisubiri irudi. Haikurudi. Miaka miwili sasa, na jenereta ikikohoa tu, yeye huacha kazi asikilize.

Milly, mpishi, alimletea chai.

"Mzee Lodu, bibi arusi wako bado ananuna?"

"Bado."

"Si unamlisha kama unajaza gunia. Mimi nilipoolewa, siku nne sikula mbele ya wakwe. Watu wote macho kwangu, nitafungua mdomo namna gani? Shangazi aliwafukuza, akaniachia kandizi kamoja, akageukia ukutani. Ndiyo nikala."

Lodu alimwambia huyu ni mnyama, si Muganda.

"Basi ni mnyama mwenye adabu kuliko wewe," Milly alisema, na akaacha juu ya kreti kisahani cha kamba wa baharini aliowakatakata, kila kipande kama punje ya haragwe.

Mchana huohuo, Alhamisi, jenereta ilikohoa mara tatu, ikazima. Ufunguo wa dizeli ulikuwa mfukoni mwa Norman, na Norman alikuwa mtaa wa Hai Jalaba akichagua mapazia. Wageni walihamia uani kutafuta upepo. Pampu ikanyamaza.

Lodu alisimama mbele ya kioo. Wamemuua na huyu, aliwaza. Alikaza macho, akimsubiri afe.

Maji yalitulia. Na vile vidole, ambavyo siku zote vililala upande kama majani ya mtoni, vilisimama. Vilifunguka kimoja kimoja mpaka mdomo ukaonekana. Hapo Lodu alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimuudhi: wiki nzima walikuwa wakimpa chakula na pampu ikimnyang'anya papo hapo. Alichukua kipande cha kamba kwenye ncha ya kijiti, akakishusha taratibu. Kidole kimoja kikakishika. Cha pili. Kisha, akijiona mjinga, mzee wa miaka sitini na mbili aligeukia ukutani.

Alipogeuka tena, kamba hayupo.

Asubuhi ya Ijumaa hapakuwa na kilichotapikwa. Norman alimpigia simu mwenye hoteli akamwambia wamefaulu. Lodu hakushangaa, wakubwa hujiita wazazi wa watoto wa wenzao.

Saa saba mwenye hoteli alisimama mbele ya tangi na wageni wake, akataka kuona mnyama akila. Lodu alisema hawezi kula mpaka pampu izimwe.

"Si uzime," Norman alisema.

Swichi ilikuwa chini ya tangi, nyekundu, ndogo. Lodu aliinama, akaweka kidole. Kidole hakikubonyeza. Norman alikohoa nyuma yake. Mwenye hoteli aliuliza kama mzee anaumwa. Lodu alifumba macho, akabonyeza, na kimya kile cha wodini kikamjia masikioni kizima kizima.

Vidole vilisimama. Alishusha kamba. Mnyama alimshika, akamkunja, akammeza, wageni wakiguna kwa furaha, na kabla hawajamaliza kuguna Lodu alikwisha kuinama na kuiwasha pampu. Alibandika kiganja kwenye kioo mpaka akausikia mtetemo.

"Zima tena," Norman alimnong'oneza. "Mgeni hajapata picha."

Lodu alijisogeza, akaiziba swichi kwa mguu wake.

"Amekula," alisema. "Imetosha. Kalas, mudir."