Theluthi ya Domitila

Mama mkwe wangu alipofariki aliacha shamba la kahawa na migomba kwenye mteremko ulio juu ya mto Base, na watoto watatu: Onesfori, ambaye ni mkubwa, wifi yangu Domitila, na Venusti, mume wangu. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa, watu wakanywa pombe ya ndizi, neno likawa moja: wagawane sawa. Nilimsikia Onesfori mwenyewe akisema, "Sawa kwa sawa kabisa."

Kwetu shamba dogo kama lile haliruhusiwi kukatwa vipande. Linabaki moja, na hati inataja majina ya wote, kila mtu na asilimia yake. Basi tukaenda ofisi ya ardhi. Afisa alikuwa binti mmoja mpole aitwaye Kayitesi. Akamwandikia kila mmoja thelathini na tatu nukta tatu tatu, akabonyeza kompyuta, kisha akakunja uso.

"Inakataa. Inataka jumla iwe mia, na hapa tuna tisini na tisa nukta tisa tisa."

"Si uongeze tatu nyingine huko mbele?" Venusti akamwambia.

"Inapokea tarakimu mbili tu baada ya nukta, kaka. Na hata ingepokea kumi, bado ingepungua. Huwa tunampa mtu mmoja thelathini na tatu nukta tatu nne, mambo yanaisha. Nani achukue?"

Onesfori alikuwa ameshasogeza kiti mbele. "Mkubwa yupo, unauliza nini?"

"Ngoja kwanza," akasema Domitila. "Hicho kinachozidi ni kiasi gani?"

"Hamna kitu, mama. Ni kama hakipo."

"Kama hakipo, niandikie mimi."

Onesfori akageuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Wewe? Nizidiwe na wewe kwenye shamba la baba yangu?"

"Kumbe kipo," Domitila akasema, akasimama, akachukua mwavuli wake. Hakuna aliyetia sahihi siku ile.

Msimlaumu wifi yangu kabla hamjamjua. Baba yao alipokufa, zamani, kaka zake walipewa viwanja vya nyumba. Yeye alipewa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa anakohoa. Kila alipouliza aliambiwa kilichobaki ni kidogo tu, mbona anagombania kidogo? Amekisikia hicho kidogo tangu akiwa msichana, na sikumbuki hata mara moja kilipoangukia upande wake.

Tulipofika nyumbani kwangu akamwambia mume wangu atoe simu. "Gawa mia kwa tatu."

Kioo kikajaa tatu mpaka pembeni.

"Zidisha kwa tatu." Ikaja mia. "Sasa futa. Ziandike hizo tatu kwa kidole chako mwenyewe, halafu zidisha."

Ikaja tisini na tisa, nukta, na mstari wa tisa. Venusti akaitikisa simu. Nikamwambia labda ina ugonjwa.

"Haina ugonjwa," wifi akasema. "Kuna kitu kimepotea katikati, na mimi sitatia sahihi mpaka nijue kimekwenda wapi."

Jumapili baada ya misa akamleta Mwalimu Habarurema, anayefundisha hesabu sekondari ya ng'ambo ya mto. Onesfori naye alikuja, akisema amepita tu, ila alikaa mpaka mwisho. Mwalimu akaomba maharage kumi, akatugawia watatu, kila mtu tatu. Likabaki moja.

"Hili nikilikata vipande kumi nikagawa tena, kitabaki nini?"

"Kipande kimoja," nikasema.

"Nikikikata hicho kumi?"

"Kimoja tena. Utakata mpaka lini, Mwalimu?"

"Ndiyo hapo. Hakuna lini. Ukisimama popote, umebakiza kipande. Usiposimama, hujabakiza."

"Usiposimama hujamaliza!" Onesfori akapiga goti lake. "Asiyemaliza kugawa amempa nani nini? Asiye na mwisho ni Mungu peke yake, si maharage."

Mwalimu akacheka, ila si kwa dharau. "Mzee, wanafunzi wangu wote wananiambia hivyo hivyo, na mimi nilipokuwa shuleni nilimwambia mwalimu wangu vivyo hivyo. Tunamwaza mtu anayeandika tatu, tatu, tatu, na mtu atachoka, atakufa. Usimwaze huyo. Waza kwamba tatu zote zimeshawekwa, hakuna ya mwisho. Hizo zote kwa pamoja ndizo theluthi, haipungui hata chembe. Ukitaka kujua inapungua, nionyeshe chembe yenyewe ina ukubwa gani. Kila utakayotaja, nitaongeza tatu mpaka kinachopungua kiwe kidogo kuliko hiyo."

"Maneno tu," Onesfori akasema.

Domitila akayatazama maharage. Kisha akauliza, "Kwa hiyo theluthi yangu ni nzima. Kinachopungua ni kuandika."

"Ni kuandika, mama."

"Basi nimeelewa. Huyu hajaelewa. Keshokutwa mje shambani wote."

Tulimkuta kati ya mibuni na futi ya fundi na vigingi vya mti. Shamba lile lina mita za mraba elfu sita. Alikuwa amekaa na Mwalimu wakalipigia hesabu, na amechimbia vigingi vinne ardhini: mita moja urefu, sentimita sitini upana.

"Hiki ndicho kinachozidi kwenye ile nukta tatu nne," akasema. "Onesfori kaka yangu, ingia."

"Niingie nifanye nini?"

"Ingia tu."

Akaingia. Mtu mnene yule, alitosha akiwa amesimama, ila kukaa angekaa kwa shida. Venusti akaanza kukohoa ili asicheke.

"Ofisi wangeongeza tatu mbili zaidi," Domitila akaendelea, "kingekuwa hiki." Akaweka kiganja chake chini, vidole amevikunja. "Wakiongeza mbili nyingine, hiki." Akaweka harage kwenye udongo. "Wakiongeza tena sitapata kitu cha kukuwekea hapa. Wasiposimama, hakuna. Sasa niambie, umekataa kutia sahihi kwa ajili ya nini?"

"Na wewe umekataa kwa ajili ya nini?"

"Kwa sababu tulisema sawa kwa sawa. Sitaki nizidi, na sitaki uzidi. Nataka iandikwe theluthi. Kama mashine haijui kuiandika, sisi tunajua."

Onesfori alitazama miguu yake, akatoka nje ya vigingi, akivivuka kwa uangalifu kama anayevuka kitalu cha miche.

Tulirudi kwa Kayitesi. Akasema haiwezekani. Domitila akakaa kwenye benchi. Akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi. Akaambiwa mkubwa wa ofisi yuko semina, akamngoja mpaka semina ikaisha. Mwishowe yule mkubwa akakubali: familia iandike makubaliano, kwa maneno, kwamba kila mmoja anamiliki theluthi moja kamili, na tarakimu za kwenye hati ni kwa ajili ya kompyuta tu, hazimpi yeyote zaidi. Yapigwe muhuri, yaambatanishwe na hati.

Tulitia sahihi yale maneno kwanza. Ndipo Kayitesi akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile nne?"

Venusti akatazama dari.

"Mwandikie dada yangu," akasema Onesfori. "Lakini ijulikane sijaamini hayo ya tatu zisizoisha. Nimechoka tu na benchi lako."

"Hata usipoamini," Domitila akamjibu, "umeandika." Akachukua kalamu akaweka jina lake, polepole, herufi kwa herufi.

Siku hizi nyumba yenye warithi watatu, au sita, au saba, ikielekea ofisi ya ardhi, humpitia yeye kwanza. Huwauliza kama wameshaandika kwa maneno. Wakisema bado, huwaingiza ndani kwake, hukaa nao, na hanyanyuki mpaka wameandika.