Ndoo Kumi na Mbili Sebuleni kwa Shemeji

Bi Pindo alipasua pilipili kavu kwa mkasi wa kukatia nyuzi, akakung'uta mbegu kwenye kisosi, kisha akazilaza kwenye trei la mayai lenye udongo, mbili kwa kila shimo. Jina hilo la Bi Pindo alipewa kwa kupinda sketi na suruali za mtaa mzima miaka arobaini. Trei aliliweka juu ya friji, penye vuguvugu. Siku ya kumi na moja miche ikachungulia. Ilipofikisha majani manne, aliihamishia barazani, kwenye ndoo kumi na mbili za rangi alizozitoboa matako kwa msumari wa moto.

Udongo wa ndoo hizo ulikuwa na kwao. Mwaka juzi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alijenga ukuta kati ya nyumba zao mbili. Shemeji huyo ni mpimaji ardhi mstaafu, kwa hiyo mpaka aliujua vizuri sana, akaupita kwa hatua tatu. Ndani ya hatua hizo palikuwa na bustani ya Bi Pindo. Sasa pana sebule. Fundi mwashi alipouliza udongo wa msingi autupe wapi, Bi Pindo alimwambia, "Usitupe, baba. Nimwagie huku kwangu."

Asubuhi ya pili baada ya kuhamisha miche, baraza lilikuwa tupu. Bi Pindo akaenda kwa shemeji yake, akapiga hodi.

"Ziko huku," Mpimaji alisema, kikombe cha chai mkononi. "Moja imenizibia televisheni. Karibu ndani."

Ndoo zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, kutoka mlango wa jikoni hadi dirishani. Ya saba ilikaa juu ya kochi kama mgeni anayesubiri soda.

Bi Pindo alizirudisha moja moja. Kesho yake zilikuwa kule kule. Mpimaji akafunga mlango kwa kufuli mbili. Asubuhi kufuli zilikuwa zimefungwa vilevile, na ndoo zimo ndani.

"Kufuli imara hizi," Bi Pindo alisema. "Umenunua wapi?"

Siku ya tano mgongo ulimkatalia, akaziacha.

Mpimaji alitoa kamba yake ya kazini, akaivuta kutoka ndoo ya kwanza hadi ya mwisho, akafumba jicho moja.

"Miche yako ina adabu ya kazi, shemeji. Haijakosea hata kidole."

"Haijakosea nini?"

"Basi tu. Haijakosea."

Bi Pindo alitaka kitu kimoja tu: hatua zake tatu. Akamleta mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alichuchumaa, akatazama, akainuka akishikilia kiuno.

"Mpaka ni huu," alisema. "Hata asiyeona ataupapasa. Lakini karatasi niliyonayo inasema ukuta, na ina muhuri. Ndoo hazina muhuri." Kisha akauliza kama pilipili zenyewe ni za kuwasha au ni hoho.

Kwa hiyo Bi Pindo akawa anaingia kila asubuhi na kopo la maji. Alikata ncha za miche ili itoe matawi. Mpimaji alihamisha televisheni, akafungua mapazia aliyokuwa ameyafunga tangu afiwe na mkewe, maana majani yalitaka mwanga. Maua yalipotoka, nyuki hawakuingia sebuleni, wana aibu zao. Kazi ya kuyatikisa ili yashike matunda akaichukua Mpimaji mwenyewe.

"Polepole. Hilo ni ua, si kengele ya shule."

"Shemeji, mikono hii imeshika vyombo vya serikali miaka thelathini."

"Ndiyo maana ardhi inatembea."

Mpimaji alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Bi Pindo alimpigapiga mgongoni, na alipoona amepumua vizuri, akasema, "Bomoa hii sebule, shemeji."

"Halafu pilipili zikae wapi?"

Mwezi wa nne pilipili ziliiva, nyekundu za kung'aa. Bi Pindo alizikata kwa mkasi akiacha vikonyo, Mpimaji akishika beseni. Alipojikuna jicho kwa kusahau, Bi Pindo alimwosha kwa maziwa, akampulizia, akamwita mjinga mara tatu kwa sauti ya mama.

Jicho lilipotulia, Mpimaji aliketi mezani, akagawa: moja kwako, moja kwangu.

"Nusu kwa nusu," alisema, "maana zimeivia kwangu."

Iliyobaki mwisho aliikata kwa kisu katikati kabisa, bila kumdhulumu mtu hata mbegu moja.

"Asante, shemeji," Bi Pindo alisema. Akafunga fungu lake kwenye mtandio, akatoka, akauzunguka ukuta wote mpaka kwake.