Pindo la Bati la Kikohozi

Kuna neno moja tamu sana gereji, nalo ni "inaingia". Wewe mwenye mtoto anayeshika usukani, ukilisikia neno hilo, usicheke kwanza. Uliza: ikishaingia, itakaa?

Mama mmoja mshona nguo alikuwa na binti, na binti alikuwa na pikapu. Pikapu yenyewe ndogo, ya zamani, nyembamba kama msichana wa darasa la tano, na mtaa mzima uliiita Kikohozi kwa namna ilivyowaka asubuhi. Binti aliitumia kushusha vigae kutoka duka la juu mlimani hadi kwa wajenzi bondeni. Ule mteremko ndio uliomla mama moyo. Una kona tatu, na upande wa kushoto hakuna kitu ila hewa.

Siku ekseli ya nyuma ilipovunjika, mama alisema pole kwa mdomo, moyoni akapiga vigelegele. Havikufika mbali. Siku ya tatu binti alirudi meno yote nje.

"Mama, ekseli imepatikana! Imetoka kwenye pikapu kubwa ya kampuni ileile, na matairi yake manene. Hii haivunjiki tena. Fundi anasema inaingia."

"Fundi yupi?"

Binti akatazama dari. Mama akajua. Ni yule yule Fundi Inaingia, aliyepata jina hilo kwa sababu hajawahi kuonyeshwa kipuri akasema hapana.

"Hizo pikapu ni ndugu tumbo moja, mama," binti akasema.

"Hata mimi na mama yako mkubwa ni tumbo moja. Gauni langu alipolivaa, tulimtoa kwa mkasi."

Kesho yake asubuhi mama alifunika cherehani, akatia utepe wa kupimia shingoni na chaki mfukoni, akaenda gereji. Kikohozi kilikuwa tayari chini, kimevaa miguu mipya. Ukikitazama kwa nyuma, matairi yalitokeza nje huku na huku, kama mtoto aliyevaa viatu vya babake.

"Karibu mama!" Fundi Inaingia akapangusa mikono. "Umeona? Bolti zote zimekubali. Springi zimekaa palepale. Imeingia yenyewe, hata sikuisukuma."

Mama aliinama, akapitisha vidole kati ya tairi na madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Vikaingia vitatu. Akapapasa ukingo wa lile bati kwa ndani, pale lilipokunjwa. Lilikuwa kali kama kisu cha jikoni, na lilikuwa juu ya tairi hasa. Ekseli ya zamani, fupi, ilikuwa inalificha tairi ndani, mbali na pindo hilo.

"Hapa ni vidole vitatu," akasema.

"Vinatosha kabisa."

"Vinatosha ikiwa imesimama. Mteja wangu nampima amesimama, kisha namwambia akae. Gauni likipasuka, hupasuka mtu akikaa. Haya, ikalishe."

"Nini?"

"Pikapu. Ikalishe chini."

Gereji nzima ikaangua kicheko. "Mama, gari halishonwi!" akapiga kelele mpiga bati, jitu la mwili wa wawili.

"Wewe ndiye ninayekutaka. Panda."

"Mama, tafadhali," binti akanong'ona, akitamani ardhi imfunike. "Mwenye duka la vigae ananisubiri saa sita. Nisipofika, mzigo wa leo anampa mwingine."

"Saa sita bado. Ukubwa wa mzigo wako?"

"Katoni arobaini."

Basi mama akapandisha watu mahali pa katoni. Mpiga bati, mwuza chai na birika lake, wateja watatu waliokuwa wanasubiri magari yao, wengine waliokuja kushangaa tu. Wakafika tisa, wanasukumana na kucheka. Kikohozi kikashuka polepole, kikaguna. Kabla hakijaondoka mama alitoa chaki ya kushonea, akaipaka nene chini ya lile pindo la bati, pande zote mbili.

"Sasa zunguka uwanja mara moja. Pita na pale kwenye mfereji."

Binti akawasha, akaondoka mwendo wa kinyonga. Kwenye kona ya kwanza kimya. Mpiga bati akaanza hata kupunga mkono kama mheshimiwa. Kisha tairi la nyuma likaingia mferejini na kutoka.

*Kwaruuu!*

Mwuza chai akamwaga chai. Binti akafunga breki, akashuka mbio, akapiga magoti. Mstari mweupe ulizunguka tairi kama pindo lililotiwa alama. Katikati ya weupe huo palikuwa na mkato, na chini palianguka uzi mweusi wa mpira, mrefu kama kidole.

Watu wakashuka mmoja mmoja, bila kuambiwa.

"Hiyo ndogo," fundi akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Tunakata bati kidogo tu."

"Na springi zikilegea, utakata tena? Bati likiisha utakata nini, mlango?"

Binti hakuwa akiwasikia. Aliuokota ule uzi, akaukunja kiganjani. Hapa ulikuwa mwendo wa kinyonga, na watu tisa wepesi wa kuruka. Kule ni kona tatu, na vigae haviruki. Akatoa simu.

"Mzee, shikamoo. Leo sifiki. Ndiyo, mpe mwingine." Akaikata, akamgeukia fundi. "Itoe."

"Lakini dada, imeingia!"

"Basi itatoka."

Ekseli ya kipimo chake ilipatikana baada ya siku tisa, na katika siku hizo mama na binti walisemezana kwa kununa, kila mmoja akijua nani alikuwa na haki. Kikohozi kikarudi mlimani.

Lakini kikopo cha mama cha chaki kikaanza kupungua. Alidhani ni panya. Hadi asubuhi moja alipochungulia dirishani, akamwona binti amepiga magoti nyuma ya pikapu, anapaka kitu cheupe chini ya bati, anaimba.

Mama akarudi kwenye cherehani. Siku ile alinunua chaki pakiti mbili, akaacha moja mezani, karibu na funguo.