Waya wa Ardhi

"Nimesema sitoi radhi mpaka nione ndani ya plagi hiyo."

"Taa inawaka, Baba. Birika linachemka. Unataka kuona nini tena?"

"Ardhi."

"Ardhi, ardhi, kila siku ardhi! Ulikuwa nayo ekari kumi kule Dole, Mapinduzi yakaichukua. Ilikusaidia nini?"

Neno likishatoka halirudi kinywani. Himid aliliona likimtua babake usoni na kukaa hapo kama inzi juu ya chakula. Mzee Muhiddin aliinama, akavua viatu, akavua na soksi, akazikunja moja ndani ya nyingine, akaziweka kando ya ngazi ya vani.

"Adhuhuri imeingia," akasema. "Nakwenda kutawadha."

Akashika njia ya vyooni, peku, juu ya nyasi za Agosti.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tisa, kwenye kiwanja cha makaravani, yale magari-nyumba ya likizo, pembezoni mwa London, kila gari na nguzo yake ya umeme, Waingereza wamelala kwenye viti vya turubai wakiota jua. Himid hakuja kuota jua. Shule aliikimbia akiwa na miaka kumi na sita. Kazi ya kubeba mizigo ya wasafiri Heathrow aliitupa juzi, na nyumba yao ya Hounslow, vyumba viwili vyenye kumbukumbu za watu kumi, ilimbana kama kiatu cha mwaka jana. Sasa ana vani kuukuu yenye kitanda, sinki na jiko, na kesho alfajiri anaelekea kaskazini. Kaskazini ya wapi, hajui. Kilichobaki ni neno moja tu. Mamake, Bi Jokha, alimshika mkono mlangoni: "Nenda utakako, lakini usiwashe gari bila radhi ya babako." Himid alikuwa mcheka mengi, ila hilo hakulicheka.

Na mzee hakuwa mtu wa kudanganywa kwa umeme. Kabla ya Mapinduzi alikuwa fundi wa umeme Unguja, akipanda nguzo huku watoto wakimhesabia hatua. London haikukitaka cheti chake. Ilimpa ngazi fupi na balbu za maofisi ya watu.

Himid alizunguka vani mara tatu. Akakaa, akasimama. Akawasha sigara, akaizima kabla haijashika. Plagi ile, ya kebo iletayo umeme kutoka nguzoni, aliifunga mwenyewe jana, kwa pupa. Nyaya zilikuwa tatu: wa kahawia unaoleta moto, wa buluu unaourudisha, na wa kijani na manjano, wa ardhi. Huo wa tatu aliukata vibaya, ukawa mfupi, haukuifikia skrubu yake. Akaukunja, akauzungushia tepu, akafunika. Mbili zinatosha, alijiambia. Na kweli taa iliwaka. Waya ambao usipokuwapo hakuna kinachozimika, kazi yake nini?

Lakini asubuhi, alipoushika mlango, vidole vilimsisimka kama vimepitiwa na sisimizi. Na hapo alikuwa amevaa buti za mpira. Akasema ni baridi. Baridi ya Agosti!

Alipoinua macho, babake alikuwa anarudi. Suruali imekunjwa, mikono inachuruzika, miguu imelowa mpaka vifundoni, midomo inakwenda kwa dua. Alikuwa anakuja kuchukua mswala wake uliokuwa ndani ya vani. Hatua ishirini. Himid alipima haraka, kama apimavyo mwenye kosa: akipiga kelele amekiri, na radhi imekwenda. Akinyamaza, pengine si kitu, sisimizi tu. Hatua kumi. Tano. Mzee akanyoosha mkono kwenye kitasa cha chuma.

"Baba, usiguse! Usiguse mlango!"

Mwenyewe hakujua alifikaje kwenye nguzo. Aliipiga swichi chini, akaing'oa plagi, na birika likakata sauti.

Mzee alisimama, mkono hewani, maji yakimdondoka kiwikoni.

"Lete bisibisi."

Alikaa kwenye nyasi, akafungua kifuniko, akatazama. Akatazama sana.

"Umesahau?"

Mlango wa kutorokea huo, wazi kabisa. "Nimesahau, Baba."

"Mtu hasahau kwa tepu."

"Sikusahau. Ulikuwa mfupi, nikachoka nao."

Mzee alimrushia bisibisi mapajani. "Funga wewe. Kata hizo mbili ziwe fupi. Huu uwe mrefu kuliko zote. Kebo ikivutwa kwa nguvu, wa mwisho kung'oka uwe ni huu."

Himid alifunga kama alivyoambiwa. Alichomeka kwenye vani kwanza, kwenye nguzo mwisho, akapandisha swichi. Tak! Ikajizima. Akaipandisha tena. Tak!

"Chomoa birika," mzee akasema.

Alichomoa, na safari hii swichi ikatulia.

"Basi mwizi ni huyo. Alikuwa anavujisha umeme kwenye chuma cha gari siku zote, hakuwa na wa kumkamata."

Himid alilitia birika kwenye pipa la taka, na maji yake ya moto humo humo. Aliporudi, babake alikuwa mbele ya mlango, nyayo bado mbichi juu ya nyasi. Fundi hugusa kwa mgongo wa mkono, ili akishikwa na umeme aweze kujinasua. Hilo hata Himid alilijua tangu utotoni. Mzee Muhiddin aliweka kiganja juu ya kitasa. Vidole vyote vitano, akaviacha pale.

Kisha akaingia, akatoka na mswala kwapani.

"Na radhi, Baba?"

Mzee aliuhamishia mswala kwapa la pili.

"Neno tu, Baba. Nitamwambia nini Mama?"

"Mwambie ulichokiona."

Akageuka, akaenda zake peku, kutafuta kibla nyuma ya karavani la Waingereza.